Motorhome yangu ilizidisha kilo 560 na mama akiwa ndani: yaliyotupata Isinya, na vile tulifika Magadi

Wakuu, hamjambo wote, walio kazini na walio kwa kitanda.

Mimi huwa msomaji tu hapa. Lakini mwezi huu nimeona watu kama watatu wakiuliza vile wanaweza kugeuza van ikuwe nyumba ya kusafiria. Mmoja anauliza friji gani. Mwingine solar gani. Mwingine anataka kujua rangi ya mapazia.

Hakuna hata mmoja ameuliza uzito.

Nikasema wacha nimeze aibu niandike. Nitaeleza vile mambo yalikuwa, pamoja na pale nilifanya ujinga, na pale ni pengi. Ni ndefu kidogo. Weka chai.

Mimi ni mwalimu, nafundisha fizikia kwa sekondari moja hapa Kitengela. (Hiyo ya fizikia msicheke bado, ngojeni.) Bibi yangu Roselyne ni nesi. Kwetu ni Vihiga lakini tumekodisha huku miaka mingi, watoto wamekulia hapa, hata Kiswahili yao imejaa Kimaasai.

Mama yangu alikuja kukaa na sisi baada ya kufanyiwa operesheni ya nyonga. Anaitwa Mama Jerida. Alipona vizuri, anatembea na fimbo, lakini kukaa kwa gari ndogo ni shida. Nusu saa tu na unamsikia anavuta pumzi kwa meno. Lazima ashuke, anyooshe mguu, ikiwezekana alale kidogo, ndio muendelee.

Na alikuwa na kitu kimoja alitaka. Kwenda Magadi.

Baba yangu marehemu alikuwa fundi wa mitambo huko zamani, kwa kile kiwanda cha magadi. Mama aliolewa akapelekwa huko akiwa msichana mdogo, kutoka kwa kijani ya Vihiga mpaka kwa ile joto. Mimi nilizaliwa huko lakini sikumbuki kitu, tulitoka nikiwa natambaa. Mama alikuwa anasema, "Papa, kabla miguu ikatae kabisa, nipeleke nikaone ile ziwa." Kwetu mama akikuita papa, ujue anaomba kwa roho.

Nikamwambia nitampeleka. Akilala njia yote kama malkia.

Ndio nikapata wazo ya motorhome.

Nilinunua van moja ndefu, ilikuwa inabeba watalii, body safi, injini nzima. Nikaipeleka kwa fundi anaitwa Mutua, ana plot ya kuchomelea huku Kitengela. Tulikaa nayo likizo mbili za shule.

Wakuu, hapo ndio nilipotea.

Mimi sikujenga gari, nilijenga nyumba. Nilikuwa na mbao za mvule nimeweka tangu siku ya baba, nikasema hizi zikuwe kabati. Kabati za juu, kabati za chini, kabati ya viatu. Mutua akauliza, "Mwalimu, si tutumie plywood?" Nikamwambia plywood ni ya watu wanaharakisha.

Sakafu nikaweka tiles. Ndio, tiles. Za simiti.

Kitanda cha mama nikachomelea na paipu za chuma, zile nene, eti kisitingike. Juu ya paa roof rack na turubai ya kivuli. Nyuma kabisa, karibu na bampa, tangi ya maji ya lita mia mbili hamsini. Pembeni ya tangi, jenereta. Mtungi wa gesi. Betri mbili kubwa. Jiko la makaa pia, kwa sababu gesi inaweza kuisha.

Kila kitu nikieleza watu wanasema, "Mwalimu umefika." Na mimi nilikuwa nasikia vizuri.

Kuna sticker kwa nguzo ya mlango wa dereva. Kila van iko nayo, nenda uangalie yako. Yangu inasema gari na vyote vilivyo ndani isizidi kilo 3,500. Halafu inasema ekseli ya mbele, yaani uzito unaokalia magurudumu ya mbele, isizidi kiasi hiki, ya nyuma isizidi 2,250. Nilikuwa nimeipita hiyo sticker kila siku miezi mingi. Siku moja hata niliipangusa vumbi. Sikuisoma.

Sasa ile safari ya kwanza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limetoka vizuri, tuko watatu tu, watoto wamebaki nyumbani. Mama amevaa leso mpya. Na yeye pia alikuwa na mzigo wake: gunia nusu ya mahindi, njugu karanga, viazi vitamu, na ndizi zilizotoka nyumbani na basi. Alisema ni za rafiki yake Nasieku, mama Mmaasai ambaye alikuwa anawaletea maziwa wakiishi Magadi. Sasa huyo mama anakaa Oltepesi, kwa barabara ile ile ya kushuka Magadi. Walikuwa wanaongea kwa simu ya binti ya Nasieku mara moja moja, lakini hawajaonana tangu tutoke huko.

Nikabeba zote. Mama akalala kwa kitanda chake cha chuma. Bila mshipi, kwa sababu kitanda hakikuwa na mshipi. Hiyo peke yake ingetosha kunifunga.

Plan ilikuwa Kitengela, Isinya, tukate ile barabara ya kwenda Kiserian, halafu tushike ya Magadi.

Tangu tutoke kwa gate niliona usukani umekuwa mwepesi. Mwepesi sana. Nikafurahia! Nikamwambia Roselyne, "Unaona, inaenda kama kitu imepakwa siagi."

Roselyne akasema, "Mbona inaangalia juu?"

"Nini?"

"Gari. Pua yake imeangalia juu."

Nikamwambia ni barabara.

Tulipopita Isinya na kuingia ile barabara ya Kiserian, upepo wa tambarare ukaanza kutupiga kando. Mnajua ile upepo. Gari ikaanza kucheza. Nikirudisha kushoto inachelewa, halafu inakuja yote mara moja. Lori likitupita tunavutwa kama karatasi. Bado sikusimama. Mwanaume akiwa na mama yake na bibi yake kwa gari, na amewaambia kila kitu ni sawa, kusimama inakuwa ngumu. Nasema ukweli.

Halafu, paa!

Tairi ya nyuma kushoto imepasuka.

Sehemu ya nyuma ikaenda kando, mimi nikashika usukani na nguvu zote. Nashukuru Mungu sikukanyaga breki, niliachilia tu mafuta. Tukaenda, tukaenda, tukatoka kwa lami, tukasimama kwa nyasi tukiwa tumeegemea. Nyuma nikasikia kitu kikubwa kimeanguka.

Alikuwa mama.

Wakuu, kutoka kwa kiti cha dereva mpaka nyuma ni hatua tatu. Ilikuwa hatua ndefu kuliko zote nimewahi kupiga. Kabati moja ya mvule ilikuwa imefunguka, masufuria yako kila mahali. Mama yuko kwa tiles, upande wa nyonga ile nyingine, ile nzima. Roselyne tayari ameshapiga magoti, anamgusa mguu polepole, anamuuliza hapa? na hapa?

Mama akasema, "Niko sawa. Nilishuka na godoro."

Kweli godoro ilikuwa imeteleza naye, ndio ilimwokoa. Kama angeanguka bila hiyo godoro, huu uzi ungekuwa mwingine kabisa, na pengine nisingekuwa na nguvu ya kuuandika.

Lori la kokoto likasimama mbele yetu. Dereva akashuka, jamaa mnene anaitwa Njoro. Alizunguka gari mara moja, akachuchumaa akaangalia spring za nyuma, akasimama akaangalia roof rack. Akanisaidia kuweka spare na jeki yake, kwa sababu yangu ilikuwa chini ya vitu vyote. Hiyo pia ni somo, weka jeki mahali mkono unafika.

Tulipomaliza akaniuliza, "Mzee, hii umepima?"

"Kupima nini?"

"Uzito."

Nikamwambia ni gari ya familia, si ya biashara.

Akaniangalia na huruma. "Tairi haijui kama ni familia."

Akaniambia nirudi polepole, nimfuate, kuna weighbridge, mizani ya malori, kwa machimbo ya mawe karibu na Isinya ambapo yeye hupimia, na mwenye kupima ni mtu mzuri. Nikaenda kama ishirini kwa saa, hazard zikiwaka, Roselyne amekaa nyuma ameshika mama.

Mwenye kupima alikuwa dada mmoja wa kama miaka thelathini, Naserian. Koti la kijani, shanga kwa mkono, kalamu kwa sikio. Mama akamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya." Yule dada akaitika, "Iko," akashtuka na kufurahi. Mara moja akamletea kiti ofisini kwake.

Halafu akanifundisha kitu ambacho nilipaswa kuwa najua. Usipime gari yote tu. Panda na magurudumu ya mbele peke yake, aandike. Songa mpaka gari yote iwe juu, aandike. Songa mbele mpaka ibaki ekseli ya nyuma peke yake, aandike. Na watu wawe ndani, kwa sababu barabarani watu wanakuwa ndani. Mama alishikwa mkono akarudi kwa gari apimwe na sisi.

Akasoma: yote 4,060. Mbele 1,380. Nyuma 2,680.

Nikaenda kwa ule mlango nikasoma ile sticker. Nimezidisha kilo mia tano sitini kwa jumla. Na ekseli ya nyuma imezidisha mia nne thelathini peke yake.

Naserian akauliza, "Maji iko wapi?"

"Nyuma kabisa."

"Nyuma ya ekseli?"

Hapo ndio nikakaa chini kwa mawe. Kwa sababu hiyo ni topic ya form two. Nafundisha hiyo kitu kila mwaka na rula na vipande vya uzito: ukining'iniza mzigo nyuma ya egemeo, mbele inainuka. Ile usukani mwepesi nilikuwa nasifia ni magurudumu ya mbele yalikuwa karibu kuachana na barabara. Na bado hatukuwa tumefika kwa mteremko mkali wa Kona Baridi, pale unaanza kushuka Magadi. Fikiria ile gari, na hizo breki, kushuka pale.

Sasa sikilizeni kitu kilinimaliza.

Mama alikuwa amesikia yote. Nikaona ameshuka, na fimbo yake, anavuta gunia la mahindi kwa mlango na mkono moja.

"Mama unafanya nini?"

"Natoa vitu vyangu, papa. Ni mimi nimeharibu gari. Nasieku ataelewa."

Naserian akamwambia, "Hapana yeyo, mama yangu, hebu tupime kwanza." Wako na mizani ndogo ya magunia kwa stoo. Akapima mahindi, njugu, viazi, ndizi, vyote.

Kilo sitini na nne.

Halafu tukaanza kutoa vyangu. Maji ndio ya kwanza. Nikafungua koki imwagike chini, Naserian akapiga kelele kutoka dirishani, "Mwalimu! Hapa hatumwagi maji!" Akanionyesha nisogeze gari mpaka kwa hori ya mbuzi iliyo nje ya ua. Lita mia mbili na hamsini ikaenda huko, na baada ya dakika chache mbuzi wakatokea, sijui nani aliwaambia. Maji tu ilikuwa kilo mia mbili hamsini. Jenereta ikapimwa. Jiko. Betri ya pili. Masufuria ya chuma. Nilikuwa nabeba mpaka toolbox mbili, moja sijawahi kufungua.

Nikamwambia mama, mbele ya watu, "Si wewe. Vyako ni sitini na nne. Vyangu vimepita mia tano na hatujagusa kabati."

Akaegemea fimbo yake. Akasema, "Sasa kabati ya viatu ilikuwa ya nani? Mimi niko na viatu pea mbili."

Njoro akacheka mpaka akashika lori. Mimi pia nikacheka, lakini macho yalikuwa na maji.

Tulirudi Kitengela siku hiyo, vitu vyangu Njoro akavibeba kwa lori tupu. Mama hakuniambia neno baya. Alisema tu, "Ziwa haiendi mahali."

Tulianza upya. Na mara hii Roselyne ndiye alichukua kitabu. Mnajua manesi na chati. Alichukua ile mizani ya bafuni na ile ya kuning'iniza, ya ndoano. Sheria yake ikawa moja: hakuna kitu kinapanda kwa gari bila kupimwa na kuandikwa. Hata mapazia. Hata mimi.

Mvule ilitoka. Iliniuma, siwezi danganya, ilikuwa mbao ya baba. Sasa hizo kabati ziko sebuleni, na zinapendeza kuliko vile zilikuwa kwa gari. Tukaweka plywood nyembamba. Tiles tukabomoa na patasi, Mutua hakusema "nilikuambia" hata mara moja, alipiga tu mluzi siku nzima. Tukaweka vinyl. Kitanda kikawa cha mbao nyepesi. Roof rack ikaenda.

Tangi ile kubwa ikatoka. Sasa tuko na mitungi mitatu ya lita ishirini, imefungwa na mikanda chini, katikati ya ekseli mbili. Maji ya kuoga unaweza jaza karibu na unakoenda, si lazima uyabebe kutoka nyumbani. Gesi tulibakisha mtungi mdogo, umefungwa umesimama, ndani ya kisanduku chenye tundu la hewa chini.

Vitu vizito chini na katikati. Vyepesi juu. Roselyne akagundua pia tulikuwa tumeweka karibu kila kitu upande wa kushoto, ule ule wa tairi iliyopasuka. Tukagawanya, betri huku, jiko la gesi kule.

Halafu mama. Kitanda ni cha kulala gari ikiwa imesimama, basi. Kwa mwendo anakaa kwa kiti. Mutua alipata viti mbili vya nyuma vinavyolazwa kidogo, vyenye mishipi mizima, tukavifunga kwa chassis. Kila dakika arobaini tunasimama, mama analala kidogo, tunaendelea. Tairi tukaweka zenye nguvu inayostahili, upepo kulingana na sticker.

Tulirudi kwa Naserian na kila kitu ndani, tangi ya mafuta imejaa, na watu wote. Mahindi, njugu, viazi na ndizi pia, mpya.

3,290.

Nyuma iko ndani ya limit, mbele imekaa vizuri. Nikamwambia Roselyne, tuko na nafasi ya kilo mia mbili na kumi, si tungerudisha jenereta?

Naserian ndiye alijibu. "Mwalimu, acha nafasi. Huwezi jua utapata nini njiani."

Safari ya pili. Upepo ule ule, barabara ile ile, na gari imetulia kama ng'ombe ameshiba. Pale tairi ilipasukia nilipita polepole. Kiserian tukanywa chai. Kona Baridi nikasimama kwanza, nikaingiza gia ya pili nikiwa bado huko juu, kabla ya kuanza kushuka, injini ikashikilia gari, breki nikagusa kidogo kidogo. Tulipofika chini nikasimama nikasogeza mkono karibu na rim ya gurudumu, nione kama breki zimechemka. Joto ya kawaida. Mama alikuwa anaangalia bonde kwa dirisha.

Oltepesi tulifika kabla ya saa sita. Nasieku alikuwa anangoja kando ya barabara na binti yake. Mama mrefu, mwembamba, amevaa shuka nyekundu na raba. Mama alishuka. Walisimama wakiangaliana kama watu wanasoma kitu. Halafu Nasieku akainama, akaweka paji lake la uso juu ya la mama, na wakakaa hivyo.

Tukatoa mizigo. Nasieku akatupatia mbuzi. Mbuzi mzima, anatembea. Roselyne akafungua kitabu, nikamwona anatafuta mahali pa kuandika mbuzi. Mama akaokoa hali, akamwambia Nasieku, "Nitunzie, azae, nitakuja kumwona."

Ni wakati wa chai ndio Nasieku aliuliza, kwa Kiswahili, mbele yetu wote: "Sasa umekuja kumwona mtoto?"

Mama akaangalia kikombe. Akasema, "Ndio."

Nilijua nilikuwa na dada alikufa akiwa mchanga kabla nizaliwe. Esta. Kwetu haikuwa inazungumzwa. Nilidhani alizikwa nyumbani. Kumbe alizikwa Magadi, baba hakuwa na njia ya kumsafirisha, na mama miaka yote hiyo hajawahi rudi. Ilikuwa rahisi kwake kusema anataka kuona ziwa.

Nasieku akaniuliza mimi, "Unajua mahali?"

Sikujua. Mama naye akasema hakumbuki vizuri, kumebadilika.

"Mimi najua," Nasieku akasema. "Lakini hiyo gari yako imejaa?"

Wakuu, nikaangalia Roselyne. Roselyne hakufungua hata kitabu. Mzigo wa kilo sitini na nne umeshuka, kiti cha nne kiko na mshipi wake, na ile nafasi bado iko. Akasema, "Hapana, yeyo. Haijajaa. Panda."

Alikaa kando ya mama. Walishikana mikono kutoka Oltepesi mpaka Magadi, wakiongea lugha tatu kwa sentensi moja. Mimi nilikuwa naendesha tu. Joto ikaongezeka, ziwa likaonekana, jeupe na pinki, na mama akasema, "Hilo."

Makaburi yako nje kidogo ya mji. Ni mawe na vumbi, alama nyingi zimekwisha. Mama peke yake hangepata, mimi ndio kabisa. Nasieku alitembea moja kwa moja kama mtu anaenda jikoni kwake. Akasimama kwa duara ndogo ya mawe, yamepangwa vizuri, hakuna nyasi ndani.

Mama akauliza, "Nani amepanga?"

Nasieku akasema alikuwa akipitisha mbuzi hapo kabla ahamie Oltepesi, na hata sasa akija kumwona ndugu yake hupita. Mbuzi wanaangusha mawe. Yeye anarudisha.

Tulimfungulia mama kiti cha kukunja akakaa. Alikaa muda mrefu. Halafu akanivuta mkono, akaongea na hayo mawe kwa lugha ya kwetu, akisema, "Esta, huyu ndiye ndugu yako. Amechelewa lakini amefika."



Aliporudi kwa gari alilala kwa kitanda chake tukiwa tumesimama, milango wazi, Nasieku amekaa miguuni pake. Alilala usingizi mzito saa nzima. Roselyne akaniambia hajamwona akilala hivyo tangu operesheni. Tukirudi tulimshusha Nasieku kwake, tukapanda Kona Baridi gia ya chini, jua likizama. Mama tangu siku hiyo ameanza kuimba tena akiosha vyombo.

Sasa somo, na ni fupi.

Soma sticker ya mlango leo, si kesho. Nenda weighbridge ukiwa na watu, maji, mafuta na mizigo, upime ekseli moja moja. Kitu kizito kikae chini katikati. Mtu yeyote akae kwa mshipi gari ikitembea, hata kama ni mama na amesema anataka kulala. Na usijaze mpaka kilo ya mwisho. Mimi ningejaza ile nafasi na jenereta na vile vingine vyote, Nasieku angebaki kwa barabara akitupungia mkono, na sisi tungezunguka kwa yale mawe bila kujua tunaangalia nini.

Wenye van na motorhome humu, niambieni yenu inasoma ngapi, mbele na nyuma. Ambaye hajawahi kupima aseme pia, hakuna kuchekana, mimi nimeshawatangulia. Na kama kuna mtu anajua friji ndogo isiyo nzito ya kuweka maziwa ya mama, aniandikie hapa chini. Roselyne tayari amenoa kalamu.